Uzoefu wangu: kuweka nafasi ya malazi kabla ya kuvuka mpaka na familia

Nimeipeleka familia Uganda mara mbili kutoka hapa Mwanza. Mara ya kwanza hatukuweka nafasi popote, na mara ya pili niliweka nafasi ya kila usiku kabla hatujapanda meli. Safari zote mbili zilinitoa fedha ambazo nisingezitoa kama ningejua ninayoyajua sasa. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye magoti yake hayapatani na ngazi.

Katika safari ya kwanza niliamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba gesti hazikosekani. Shule zilipofungwa tulipanda MV Victoria usiku, tukafika Bukoba asubuhi, tukachukua kosta hadi Mutukula, mpakani, mwendo wa kilomita 80 hivi. Baada ya kugongewa mihuri tuliendelea kupitia Masaka, tukasimama Kayabwe ambako mstari wa Ikweta unaikata barabara na ambako hakuna mtoto anayekubali kupita bila kupigwa picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Foleni ya kuingia Kampala ilimaliza kilichobaki cha siku, na saa tatu usiku tulikuwa Kireka, mahali tulipoelekezwa kwamba malazi ni ya bei nafuu.

Sikuwa nimeangalia kalenda. Ilikuwa tarehe 1 Juni, na tarehe 3 Juni Uganda huadhimisha Siku ya Mashahidi, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, ambapo mahujaji, wengine wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi na wengine wakitoka Tanzania na Kenya, hukusanyika Namugongo, mahali ambapo wengi wa mashahidi hao walichomwa moto mwaka 1886. Kireka haiko mbali na Namugongo. Gesti nne za kwanza zilikuwa zimejaa. Katika ya tano, mama mkwe alikaa juu ya begi pale mapokezi, mdogo wetu amelala mapajani mwake, huku mhudumu akitutazama kama watu waliofika harusini bila kadi. Hatimaye tulipata vyumba viwili katikati ya jiji, juu ya baa, kwa bei ambayo kwingine ingetulaza usiku mbili.

Kwa hiyo safari iliyofuata niliifanya kinyume kabisa. Kwa kutumia programu ya simu niliweka nafasi Entebbe kwa siku tatu na Jinja kwa siku tatu. Ile ya Entebbe ilikuwa ya kulipa tukifika, na ningeweza kuibatilisha bila gharama hadi siku mbili kabla. Ile ya Jinja niliichagua kwa sababu ilikuwa na punguzo, na punguzo hilo lilikuwa na sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo: fedha hairudishwi.

Entebbe mambo yalikwenda vizuri, lakini sifa siipi programu peke yake. Kabla ya kuthibitisha, nilimpigia mwenye nyumba na kumwomba picha ya bafu, ya mlango wa chumba na ya njia ya kutoka getini, kwa kuwa picha zilizowekwa mtandaoni zilikuwa za vitanda na maua tu. Nilimuuliza kama chumba cha familia kiko chini, kama vyandarua vinatosha vitanda vyote, na kama bei iliyoonyeshwa kwa dola imejumuisha kodi. Haikuwa imejumuisha, Uganda kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na kwa siku tatu si fedha ya kupuuza. Tulipofika, jioni imeshaingia, majina yetu yalikuwa yameandikwa kwa kalamu kwenye daftari, godoro la mtoto limeshatandikwa, na chupa ya chai iko mezani. Mama mkwe alikunywa vikombe viwili kabla ya kuvua viatu.

Kesho yake tulikwenda kwenye bustani ya mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, ambayo inashuka hadi ufukweni. Mama mkwe alisimama pale kwa muda, akasema tumesafiri usiku kucha na mchana kutwa kuja kuliangalia ziwa tuliloliacha nyumbani.

Siku ya tatu mtoto wa kati alipata homa. Daktari alishauri apumzike, nasi tukaongeza usiku mbili palepale Entebbe. Hoteli ya Jinja, ambayo sitaitaja, ilinijibu kwa adabu kwamba masharti niliyakubali mwenyewe, na ni kweli niliyakubali. Tulilala Jinja usiku mmoja kati ya mitatu tuliyolipia, tukaona chanzo cha mto Naili kwa haraka, tukageuza. Punguzo lile lilikuwa dogo kuliko hasara ya hata usiku mmoja.

Msimamo wangu kwa mwenye familia ni huu: usiku wa kwanza na wa pili viwekewe nafasi bila mjadala, kwa sababu ndio usiku ambao watoto wamechoka, giza limeingia na hujui mtaa. Siku zinazofuata zitafute ukiwa hukohuko, isipokuwa safari ikigongana na sikukuu ya wenyeji, na hizo lazima uziulize, kwa maana kalenda yetu haiwezi kukuonyesha. Punguzo lisilorudishwa mwachie anayesafiri peke yake na mwenye afya ya chuma.

Desemba tunafikiria kwenda Kisumu. Nimeshaweka nafasi ya usiku mbili, ya kulipa tukifika, chumba cha chini. Mama mkwe ameuliza kama na huko ni ziwa lilelile. Nimemwambia ndiyo.