Siku nne kwa mtumbwi Mto Orange: mto usio na kiboko, ila mmoja

Nimekulia Ifakara, jirani na Mto Kilombero, na kwetu maji yakitulia mno ndipo mtu anapoanza kuangalia huku na huku. Kiboko hupenda vilindi vilivyonyamaza. Kwa hiyo nilipopanga likizo ya kusafiri kwa mtumbwi na kulala kando ya mto, sikuanza kwa kuuliza maji yanakwenda kasi gani. Niliuliza mle ndani anaishi nani.

Rufiji niliifuta mapema. Zambezi, chini ya Bwawa la Kariba, inasifiwa sana na safari za mitumbwi zipo, lakini huko waongozaji hupita kandokando penye maji mafupi, wakigonga ubavu wa mtumbwi ili kiboko asikie na ajiondokee kilindini. Likizo ya kugongagonga mtumbwi sikuitaka.

Nikaangukia Mto Orange, pale unapogawa Afrika Kusini na Namibia. Unatoka milima ya Lesotho, unakata zaidi ya kilomita 2,000 mpaka Atlantiki, na katika kipande hiki cha jangwani hakuna mamba wala kiboko. Jina lake lingine la zamani ni Gariep. Hilo la Orange lilibandikwa mwaka 1779 na mpelelezi wa Kiholanzi, Robert Jacob Gordon, kwa heshima ya ukoo wa kifalme wa Uholanzi uitwao Orange, kwa hiyo usitegemee maji ya rangi ya chungwa. Tuliyoyakuta yalikuwa ya kijani yenye udongo kidogo.

Nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikodi gari Cape Town na kufuata barabara ya N7 kuelekea kaskazini, kama kilomita 700 hivi mpaka Vioolsdrif mpakani. Ni siku nzima ya kuendesha, na baada ya mji wa Springbok ni mawe na joto tu. Pasipoti beba hata kama kambi ya kuanzia iko upande huu, maana mto ndio mpaka, na usiku mmoja mtalala ng'ambo ya pili.

Mtumbwi ni wa plastiki, wa watu wawili, mzito kuubeba lakini imara. Mnapewa makafi mawili, jaketi okozi, ndoo zenye mifuniko ya kukaza kwa ajili ya nguo, na deli la barafu la vinywaji. Nilimweka shemeji omo, mimi nikashika tezi. Saa nzima ya kwanza tulikwenda kama walevi, mara Namibia mara Afrika Kusini, mpaka akaacha kupiga kafi upande anaoupiga mwenzake.

"Shemeji, una hakika hapa hamna mamba?"

"Hamna."

"Na lile gogo?"

Lilikuwa gogo.

Sehemu kubwa ya njia hata kafi hulihitaji. Mkondo unakuchukua polepole katikati ya milima isiyo na mti, na ukijani wote uko kwenye ukingo mwembamba wa matete. Sauti ni ya kwazi akilia juu, na alfajiri nyani wakigombana kwenye majabali. Mahema tulikuwa nayo, hatukuyafungua. Tulilala mchangani, na nyota za kule ni nyingi kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Choo ni koleo lililochomekwa mchangani pamoja na karatasi. Ukikuta koleo halipo, subiri.

Siku ya tatu kiongozi wetu akatukusanya, akasema mbele kuna maji makali yanayoitwa Sjambok. Nikamuuliza maana yake. Ni mjeledi, akasema, ule wa zamani uliotengenezwa kwa ngozi ya kiboko. Shemeji akanigeukia. Kwetu mjeledi huo unaitwa hivyo hivyo, kiboko, na nilimwona anafanya hesabu kichwani. Maji yenyewe si ya kutisha, ni mawimbi mafupi yanayofuatana, ila ukikaa upande ukapigwa ubavuni unapinduka. Tukapigwa ubavuni. Nilipoibuka nilimkuta kakumbatia deli, kandambili moja inakwenda zake Atlantiki.

"Ulisema hakuna kiboko," akasema.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema kila kitu kimo. Chakula kilikuwamo, na kilikuwa kizuri, nyama ya kuchoma kila jioni. Lakini mfuko wa kulalia na godoro vilikuwa vya kukodi pale kambini kwa pesa ya ziada, na jangwani usiku wa Mei si wa kulala na shuka. Kibaya zaidi ni kuondoka. Siku ya pili tulikaa tunakunywa kahawa mpaka saa nne asubuhi, na kila mzoefu wa mto huu anajua kwamba mchana upepo hupanda kutoka baharini, moja kwa moja usoni. Kilomita tano za mwisho tulizipiga kafi kama watumwa, na ukisimama kupumzika upepo unakurudisha ulikotoka. Siku zilizofuata nilimwamsha kiongozi mimi mwenyewe.

Ukitaka kwenda, waulize mambo mawili kabla ya kulipa: mnaanza kupiga kafi saa ngapi, na mna mitumbwi mingapi wiki hiyo. Sikukuu ya Pasaka na likizo za shule za Afrika Kusini mto hujaa watu na miziki, na utulivu ulioufuata hutaupata. Desemba hadi Februari jua linaweza kupita nyuzi 40, na kivuli hakuna. Sisi wiki ile ya Mei tulikutana na kundi moja tu, wazee wanane kutoka Windhoek, ambao walituuzia kandambili.