Uzoefu wangu: kadi ya grafiki iliyoanza kufa, na kama kubadilisha pesti ya joto kulisaidia

Kompyuta yangu ya mezani ina miaka zaidi ya tisa na bado naipenda, kazi zangu zote inafanya na magemu ya zamani inacheza vizuri tu, ndo maana kadi ya grafiki ilipoanza kuzingua sikutaka kuitupa hivi hivi. Ilianza taratibu, nacheza gemu dakika kama 20 skrini inakuwa nyeusi ghafla, sauti bado inasikika, feni ya kadi inapiga kelele kwa nguvu zote halafu basi, hakuna kinachorudi mpaka nizime kwa kubonyeza swichi muda mrefu.

Nikakimbilia draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi. Nikazifuta zote kwa Display Driver Uninstaller nikiwa kwenye sefu modi, nikaweka mpya, nikarudisha na za zamani, wiki nzima ikaisha na tatizo liko pale pale. Iliniuma sana huo muda kwa sababu kitu ambacho ningeanza nacho ni joto. Nilivyoweka HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, na kuiacha irekodi wakati nacheza, nikaona kadi inafika digrii 94 sekunde chache kabla ya skrini kuzima, na chipu nyingi zikivuka 80 na kitu zinaanza zenyewe kujipunguzia spidi, kwahiyo 94 ni kilio kabisa.

Nikaifungua. Kwanza zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kesi ili umeme tuli uondoke mwilini. Vumbi lilikuwa limejaa katikati ya mapezi ya hitisinki (kile chuma cha kupoza chipu) kama blanketi, nikalipuliza huku nimeshikilia feni kwa kidole isizunguke maana ikizungushwa na upepo kwa spidi kubwa inaweza kuharibika. Skrubu nne zinazozunguka chipu nililegeza kwa kupishana, pembe hii kisha pembe inayoitazama, kidogo kidogo, ili chipu isikandamizwe upande mmoja. Pesti ya ndani, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye hitisinki, ilikuwa imekauka, inamong'onyoka kama chaki. Nikaifuta kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka pesti mpya ya Arctic MX-4, tone dogo katikati ya chipu. Niliichagua kwa sababu haipitishi umeme, ikimwagika pembeni haileti shoti. Zile pedi laini zinazokaa juu ya chipu za memori usizichane, na ukilazimika kubadilisha pima unene wake kwanza, ikiwa nene kupita kiasi hitisinki haitagusa chipu kubwa vizuri.

Matokeo niliyapenda mno. Kutoka 94 hadi 72 gemu lile lile, feni kimya, skrini haikuzima tena.

Mwezi na kidogo baadae vikaja vimiraba. Vimiraba vya rangi ya zambarau na kijani vimetapakaa skrini nzima, na joto liko 50 tu. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha monita, vipo. Nikapiga picha ya skrini kwa kibodi nikaifungua kwenye simu, vimiraba vipo ndani ya picha yenyewe, maana yake monita na kebo hazina kosa. Halafu nikaristati nikaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows, na humo pia vipo. Hapo ndo nilipoacha kabisa kufikiria draiva, kwa sababu ukiwa BIOS Windows haijapanda na draiva yake haijaanza kazi. Nikachomoa kadi, nikasafisha pini za dhahabu, nikachomeka upya, nikajaribu na pawa saplai nyingine, mwisho nikaipeleka kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ikatoa vimiraba vile vile. Memori ya kadi inakufa.

Kilichonisaidia kwa muda ni MSI Afterburner, programu ya kurekebisha spidi ya kadi, nikashusha spidi ya memori kwa 300 MHz vimiraba vikapungua sana nikiwa Windows, ingawa wakati wa kuwaka vilikuwepo maana hiyo programu inaanza baada ya Windows. Nilipata miezi miwili ya kazi zangu za kawaida. Watu walinishauri niioke kwenye oveni, mimi nilikataa na ningekushauri ukatae, plastiki na kapasita zinaungua, moshi wake ni sumu kwenye oveni ya chakula, na hata ikiwaka huwa ni kwa muda mfupi.

Kwahiyo pesti naipa nyota tano kwa tatizo la joto, kabisa, na sifuri kwa memori mbovu kwa sababu haiwezi kuigusa hiyo shida. Kama kadi yako inazima ikipata moto, ifungue. Kama inachora vimiraba ikiwa baridi hadi BIOS, anza kutafuta nyingine.

Ya sasa nimechukua iliyotumika, inayokula wati 75 tu, kiwango ambacho sloti ya PCIe x16 (pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama) inakitoa bila waya wa ziada, kwa kuwa pawa saplai yangu nayo imezeeka na sikutaka kuibebesha. Ni ya toleo la PCIe 3.0 ila kwenye sloti yangu ya toleo la zamani la 2.0 imekubali bila tatizo. Jana nimeiwasha masaa matatu mfululizo, digrii 64, skrini safi. Ile ya zamani nimeifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, nasubiri nimpate fundi mwenye mashine ya kubadilisha chipu za memori.