Uzoefu wangu: RFI Français facile, TV5MONDE na DW kwa mwalimu wa lugha hapa Nairobi

Nafunza Kifaransa shule ya sekondari hapa Nairobi, na wikendi nina watu wazima wachache nawafunza kwa Zoom. Walimu wenzangu huniuliza sana huwa natoa wapi vitu vyangu, maana kitabu cha darasani kiko sawa kwa sarufi lakini ukifika kwa utamaduni ni watu wawili wananunua mkate Paris, alafu mnara wa Eiffel, basi, ukurasa umeisha. Kwa hivyo naandika hapa vile nimetumia hizi huduma za bure, na kwa nini RFI ndo naishikilia kuliko zingine zote.

Kile natafuta mimi ni kitu ambacho wenye lugha wamejitengenezea wenyewe. Taarifa ya habari, tangazo la redio, menyu, ratiba ya treni, karatasi ya bei za supamaketi. Mtoto akielewa hicho hata nusu tu anajua ameelewa Kifaransa chenyewe, si zoezi la Madam. Shida yake ni ugumu, ukimwekea mtoto wa kidato cha pili habari za kawaida za Kifaransa anasikia kelele tu, anakata tamaa, na ukishampoteza hapo kumrudisha ni kazi.

Sasa RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa. Kwa tovuti yao ya Français facile kuna Journal en français facile, habari za dunia za dakika 10, kila siku, na maandishi yake yako hapo kando. Ni habari za kweli za siku hiyo, lakini msomaji anaeleza mambo: akitaja mji anakwambia uko wapi, akitumia neno gumu analifafanua humo humo ndani ya sentensi. Hakuna kulipa. Unaweza kudownload kama podikasti ukiwa nyumbani kwa waifai, alafu darasani unahitaji simu na spika ya bluetooth tu, hata stima zikipotea unaendelea na somo. Kwa mwalimu wa Nairobi hiyo si jambo dogo, bando ya video ya darasa zima kila wiki ni nani atalipa.

Lakini sababu yangu kubwa ni ingine. RFI wana idhaa ya Kiswahili, walianza 2010. Yaani chombo kimoja kinatangaza tukio moja kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nikagundua naweza kuwapa wanafunzi habari ya Kiswahili kwanza, wasikilize, waongee, wabishane, alafu ndo naweka ile ya Kifaransa. Wanaingia wakijua ni nani amefanya nini na wapi, kazi inayobaki ni lugha peke yake.

Wacha niwaonyeshe moja. Januari 2025 wakati waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, habari ilikuwa kila mahali. Hapa Nairobi kuna familia nyingi zimetoka Kongo, kwa hivyo kwanza niliongea kando na wanafunzi niliojua wana watu wao huko, nikawauliza kama wako sawa tukisoma hii kitu darasani. Walisema sawa, na mmoja akasema afadhali, kwa sababu nyumbani wanaisikiliza kila usiku na hapa shuleni hakuna mtu huiongelea. Tukaanza na Kiswahili, nikaandika ubaoni majina yote waliyosikia, Goma, Bukavu, Kinshasa, Kigali, na maneno kama wakimbizi wa ndani na kusitisha mapigano. Nikaweka Kifaransa. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili wanyooshe mkono wakisikia kitu kilichoko ubaoni. Mikono ilikuwa juu karibu muda wote! Walishika les déplacés na cessez-le-feu bila mimi kutafsiri chochote, na wale watoto wa Kongo wakawa ndo wanaelezea wengine ramani. Maandishi niliwapa mwisho kabisa, wasome kukagua walichosikia. Ukiyatoa mapema watasoma na masikio yatalala, hilo nawaomba sana msilifanye.

Onyo moja, si ya wanaoanza kabisa. Mtu wa A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya kujifunza lugha, bado itamshinda, hata na Kiswahili mbele. Mimi naanza nayo mwishoni mwa kidato cha pili, na kwa vipande vya dakika mbili, si dakika 10 zote.

Kwa wale wa A1 naenda TV5MONDE, televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, ile sehemu ya Apprendre le français. Imepangwa kwa viwango kutoka A1 hadi B2, video fupi, mazoezi yanasahihishwa hapo hapo, na hiyo pia ni bure. Kuna Première classe ya wanaoanza, na kuna 7 jours sur la planète kwa waliokomaa, hii inachukua ripoti za habari za wiki. Alafu walimu wana upande wao, Enseigner le français, unapata karatasi ya mwalimu na ya mwanafunzi za PDF zimeshapangwa tayari, ukiwa umechoka Jumapili usiku unaprint unalala. Nimeitumia sana na naipenda. Tofauti ni kwamba ni video, inataka mtandao na projekta, kwa hivyo mimi huitumia siku ile tumepata maabara ya kompyuta.

Ukitaka utamaduni wenyewe, maisha ya watu, hapo inabidi utoke utafute mwenyewe, na kuna kitu kimoja kimenisaidia kuliko vyote: tafuta kwa lugha unayofunza na utaje mji. Usiandike kwa Kiingereza eti French culture video, utaletewa mnara na jibini. Andika gbaka Abidjan. Andika marché Kinshasa. Andika petit déjeuner Dakar. Tovuti za Côte d'Ivoire huishia na .ci, za Senegal .sn, za Kongo Kinshasa .cd, na humo ndo utapata matangazo, bei, ratiba na menyu ambazo hakuna mtu aliziandika akifikiria mwanafunzi. Watu milioni 321 wanaongea Kifaransa kwa hesabu ya 2022 ya shirika la Francophonie, la nchi zinazotumia Kifaransa, na zaidi ya nusu wako Afrika. Mtoto wa Kayole anayesoma Kifaransa ana uwezekano mkubwa wa kukitumia na mtu wa Bujumbura au Lubumbashi kabla hajaona Paris, na vifaa vyetu vinafaa kuonyesha hivyo.

Hiyo ya gbaka ndo somo lilinipa raha kuliko yote. Gbaka ni matatu za Abidjan, na kijana anayeitisha abiria anaitwa apprenti, ananing'inia mlangoni akipiga kelele Adjamé, Adjamé, mtaa wa huko. Niliweka video bila sauti kwanza. Darasa likalipuka, kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, kwani na wao wako na makanga?" Nikaweka sauti. Wakasikia préparez la monnaie na hakuna aliyehitaji kuelezwa, maana ya chenji kwa gari kila mtoto wa Nairobi anaijua. Waliandika mazungumzo ya abiria na apprenti wakigombania pesa iliyobaki, wakayaigiza, na hao ni watoto ambao kwa mtihani wa kuongea wa KCSE huwa wanakauka. Alafu tukaingia kwa Nouchi, lugha ya vijana wa Abidjan, na hapo nilinyamaza nikawaacha wao wailinganishe na Sheng.

Rumba pia, usiisahau. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi mwaka 2021, rumba ya Kongo, nchi zote mbili. Habari fupi za Kifaransa kuhusu siku hiyo ziko nyingi, na kazi ya nyumbani nzuri ni mtoto aende aulize baba yake au shangazi yake walikuwa wanacheza rumba wapi enzi zao, aje aeleze kwa Kifaransa sentensi tano.

Picha na mabango ya zamani natoa Gallica, maktaba ya kidijitali ya Bibliothèque nationale de France, iko tangu 1997, na Wikimedia Commons kwa picha za siku hizi maana leseni imeandikwa hapo hapo na hauibii mtu.

Nilishalipia pia programu fulani ya kimataifa, sitaitaja jina, malipo ya dola kila mwezi. Imepambwa vizuri lakini nusu ya video ilikuwa inakataa kufunguka eti haipatikani nchi yangu, na zilizofunguka ni mikahawa ya Paris tu. Nikaikata. Hiyo pesa afadhali inunue spika nzuri.

Mwenzangu anayefunza Kijerumani anafanya hivi hivi na DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, na kwake ni rahisi hata zaidi. DW wana Kiswahili tangu 1963, na wana Langsam gesprochene Nachrichten, habari zinazosomwa polepole na maandishi yako, tena unaweza kusikiliza ile ya kasi ya kawaida ukishazoea. Wanaoanza anawaweka kwa Nicos Weg, hadithi ya video ya kijana anayeongea Kihispania anafika Ujerumani na kupoteza begi lake, inaenda A1 hadi B1, bure kabisa. Ananiambia wanafunzi wanaomba sehemu inayofuata wenyewe.

Na mnaofunza Kichina msijione mmeachwa. CRI, redio ya kimataifa ya China, wametangaza kwa Kiswahili tangu 1961 na hapa Nairobi wako 91.9 FM tangu 2006, kwa hivyo mlango huo mnao, habari ya Kiswahili kwanza, alafu tukio hilo hilo kwa Kichina, hata kama darasa litashika majina ya miji na tarakimu peke yake mwanzoni. Kwa Kifaransa pia tulianza na majina ya miji.