Uzoefu wangu: mwaka na nusu kwenye kikundi cha akina mama mtaani

Nilijiunga kwa ajili ya mkopo, nisidanganye mtu. Nina genge Kihonda, Morogoro, na kila msimu mpunga wa Dakawa ukishuka bei mimi naishia kuutazama tu, mtaji sina. Jirani akaniambia: njoo Jumatano saa kumi jioni, beba elfu tano na kigoda chako.

Tuko 26. Utaratibu ni ule wa hisa: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hisa ni shilingi 2,000, unanunua moja hadi tano kwa wiki, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kijitabu chako. Kuna pia mfuko wa jamii, 500 kila kikao, kwa misiba na wagonjwa. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwa na akina mama wa vijijini, na uzuri wake ni kwamba hela inahesabiwa mbele ya macho yenu wote. Mwezi wa nne nilikuwa na akiba ya 78,000, nikakopa mara tatu yake, nikanunua magunia mawili ya mpunga. Riba asilimia 5 kwa mwezi, lakini mwisho wa mzunguko inarudi kwetu wenyewe kwenye mgao. Hapo sina neno.

Kilichonibakiza ni darasa. Kabla ya kufungua sanduku tunasoma saa nzima chini ya mwembe, na mwalimu mstaafu: kusoma, kuandika, hesabu za mizani na madeni. Nilimleta mama mkwe. Yeye ni wa 1962. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama yake alikwenda kisomo jioni, na aliyebaki nyumbani na mtoto mgongoni ni yeye. Kote alikopita ameweka dole gumba.

Miezi sita ya kwanza alinipa kijitabu chake nimhesabie mihuri. Kisha Jumatano moja akakihesabu mwenyewe, akanyoosha mkono: "Katibu, ukurasa huu una 19. Mimi nimenunua 20." Watu wakaguna. Daftari kubwa likafunguliwa, na kweli, wiki ile ya mvua tulikimbilia barazani na muhuri wake haukugongwa. Njiani akaniambia, "Mwanangu, siku zote nilikuwa naamini tu." Halafu akanigeukia: "Na wewe madeni ya genge unaandika wapi?" Nilikuwa naandika kichwani.

Sasa yaliyonichosha. Tulichangishana 10,000 kila mmoja kumlipa mkufunzi wa sabuni ya maji. Ya kwangu ilijitenga, maji chini povu juu, lakini hata waliofanikiwa hawakufika mbali: mtaa mmoja, wauzaji 26, mnunuzi nani?

Huduma za jamii ni nusu kwa nusu. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya vizuri, mitaro yetu inapitisha maji. Tulipopeleka khanga na sabuni wodi ya wazazi, kupiga picha kulichukua muda kuliko kuwajulia hali wagonjwa. Mzazi mmoja alijifunika uso na hakuna aliyemuuliza kama anataka kupigwa picha. Msibani nako, usipofika jikoni unalipa faini, hata kama ulichangia na siku hiyo ni ya gulio. Nimelipa mara mbili, kwa kinyongo.

Na viongozi wasiwavutie wageni kwa mkopo wa halmashauri kana kwamba uko mfukoni. Ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi vya wanawake kweli haina riba, ila inataka katiba, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Andiko letu lilirudishwa. Wawili waliokuja kwa ahadi hiyo waliondoka wakinung'unika, na sikuwalaumu.

Ukitaka kujiunga na chochote cha namna hii, kaa kikao kimoja kama mgeni, uone kama hela inahesabiwa kwa sauti na kama mwanachama wa kawaida anaweza kuhoji bila kununiwa. Mimi mzunguko ujao nimo, ila kwenye sabuni msinihesabu. Mama mkwe anagombea ufunguo wa tatu.