Akina mama wanaolisha kambi yetu Makongolosi: nyota nne

Nasimamia shughuli za kampuni ya utafutaji madini kutoka Australia, huku Makongolosi, wilaya ya Chunya. Kazi yangu ni kila kisichokuwa jiwe: vibali, mishahara, magari, mahusiano na vijiji, na chakula cha kambi nzima. Hicho cha mwisho ndicho nakiandikia, maana bosi mgeni hukiona kidogo mpaka siku vijana wanapokataa kupanda gari la zamu.

Mwanzo tulikuwa na mzabuni mkubwa wa mjini. Makaratasi yake hayakuwa na doa. Chakula sasa: mchele mgumu, nyama ya kuhesabu, na zamu ya usiku inaletewa kiporo cha mchana. Mchorongaji, yule anayetoboa miamba kutafuta madini, anakaa kwenye mashine kwa muda wa saa 12, kelele na vumbi, halafu unampa wali baridi! Mkataba wake ulipoisha tukawapa kazi kikundi cha akina mama wa hapa hapa.

Hawa wanapika. Saa nne asubuhi uji wa ulezi unafika mpaka kwenye mashine, ndani ya chupa kubwa za chai, pamoja na viazi vitamu. Mchana ugali, maharage, mboga za majani na nyama au samaki. Wali wao ni wa Kyela, unaunusia getini. Usiku wanapika upya, hotipoti zinaondoka saa tano na zikifunguliwa porini bado zinatoa mvuke. Ramadhani ilipoingia waliandaa futari na daku bila kuambiwa na mtu. Kila mpishi ana cheti cha kupimwa afya, na kimebandikwa ukutani jikoni.

Lakini huduma hii ilikaribia kufa kabla ya kuanza, kwa sababu ya utaratibu wa malipo. Makao makuu Perth hulipa ankara baada ya siku 30, kwa kila mtu. Mama mwenyekiti, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza: "Mwanangu, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nanunua taslimu. Hizo siku 30 nitawapikia nini?" Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Tangu 2018 kanuni za madini zinatutaka tuwape Watanzania kipaumbele katika bidhaa na huduma, na mpango wetu wa kufanya hivyo uko Tume ya Madini. Mpango huo hauna maana kama anayeweza kusubiri mwezi mzima ni mwenye mtaji mkubwa peke yake. Nilipambana na idara ya fedha mpaka wakakubali kulipa kila wiki, na malipo ya awali ya mitungi ya gesi. Mameneja wenzangu, anzieni hapo.

Jingine ni kodi ya zuio, ile 5% tunayoikata kwenye malipo ya huduma. Waelezeni wapishi kabla ya kusaini, na cheti cha makato kitoke pamoja na malipo. Mtu akiona pesa imepungua bila maelezo anajua ameibiwa, na mtaa mzima utajua hivyo kabla ya jioni.

Nyota moja nimeizuia kwa mambo mawili. Stakabadhi za EFD, mashine ya risiti za kodi, huchelewa kwa kuwa mashine hukaa kwa mhasibu wao Chunya mjini, kilomita 39 kutoka hapa, na bila stakabadhi fedha haitoki. Pili, kiangazi kikikaza mboga inakuwa kabichi, kesho kabichi, keshokutwa kabichi. Lami ipo kutoka Mbeya mpaka huku, na Uyole na Tukuyu kumejaa karoti, ndizi na parachichi. Safari moja ya gari kila wiki inatosha. Nimeshawaambia, na gari letu linalopeleka sampuli Mbeya hurudi tupu, kwa hiyo usafiri tumewapa bure. Wiki hii limerudi na parachichi.