Prado 120 ya dizeli, kilomita laki 2 na 87 elfu: nimechukua

Wakuu, mwaka jana nilianza kusaka gari ya kwenda nayo nyumbani, kwetu ni Makete ndani ndani huko, na Spacio yangu, gari ya chini, kila masika ilikuwa inabidi niiache Njombe mjini kwa shemeji halafu namalizia na boda mzigo kichwani. Bajeti milioni 40 mwisho. Kwa hela hiyo unapata Harrier tako la nyani safi kabisa, ila kule kwetu tope halijui urembo, kwa hiyo macho yakawa kwenye Prado 120.

120 ni ile Land Cruiser Prado ya Toyota iliyotoka 2002 ikaishia 2009, tairi ya spea mgongoni na mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama friji. Nilitaka ya dizeli, injini 1KD, cc 2982, turbo. Kuagiza Japani nilipiga hesabu nikafunga kalamu, maana 120 zote sahivi zimeshavuka miaka 10 na TRA, watu wa kodi, juu ya ushuru wa kawaida na VAT wanakubandika asilimia 30 ya uchakavu. (Wenzetu Kenya ndo hata hesabu hawapigi, gari ikivuka miaka 8 haiingii.) Ikabaki kununua iliyotumika hapa hapa, yani kuingia mikononi mwa madalali.

Ya kwanza ilikuwa Kinondoni. Namba D (herufi ya usajili wa hapa Bongo), nyeupe lulu, rimu zinang'aa, siti zimevalishwa ngozi mpya inanukia gundi, dashibodi inasoma 121 elfu. Usiku nilimpigia dalali nikamwambia kaka usiiwashe, nataka niikute ya baridi, kwa sababu 1KD yenye nozeli mbovu (vile vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda) inajisema ikiwa ya baridi, inagonga kama trekta dakika mbili tatu halafu ikipata moto inatulia kama haijafanya kitu. Nafika saa 1 asubuhi, naweka mkono kwenye boneti, moto kama chapati. Eti alikuwa anaisogeza kidogo.

Raba ya pedeli ya breki imelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani umevalishwa kava. Fundi wangu (mtu wa Tabata, haongei sana, ndo nampendea) hakusema neno, akatoa tochi akainama kwenye kava la taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu za injini), kisha akaniita na kidole. Kuna kistika kidogo cha Kijapani, kimefifia, wale jamaa wakibadili belti wanabandika tarehe na kilomita. Maandishi sikuyaelewa ila namba zinasomeka: H24, na chini yake 164,320. H24 ni Heisei 24, yani 2012. Sasa gari ilikuwa na laki na 64 mwaka 2012, leo ina laki na 21, imekuwa ikitembea kinyumenyume?

Dalali akakuna kichwa, akasema "Aa bosi, hiyo injini ilibadilishwa." Fundi akamuuliza taratibu kabisa, "Sasa kaka, namba ya injini kwenye kadi ni ya injini ipi?" Kimya. Tukaaga vizuri tu, hatukugombana.

Hapo ndo akili yangu ilipogeuka. Tulivyozoea ni kuuliza kilomita kwanza, ukisikia laki na kidogo unachangamka, ukisikia laki tatu unakata simu. Mimi sahivi 120 yenye laki na ishirini ndo inanitia wasiwasi kuliko ya laki tatu, maana ya laki tatu angalau imeamua kusema ukweli kwenye jambo moja.

Ya pili nilipewa na jamaa wa kazini, iko Morogoro, namba C, ya mzee mstaafu aliyekuwa anasimamia kazi za barabara. Kilomita 287 elfu. Rangi imepauka juu ya paa, bampa ina mkwaruzo, siti za kitambaa zile zile za Japani na ya dereva imebonyea. Namsalimia shikamoo mzee, namwambia nimekuja kuona gari, hakunipa funguo, aliniletea kaunta buku. Humo ndani kila oili imeandikwa, kila kilomita elfu 5, lita 7 na filta, tarehe na alikonunua. Taimingi belti mara mbili. Washa za nozeli zimebadilishwa ikiwa na laki 2 na 40. Ukurasa mmoja pembeni kaandika "shokapu za nyuma zimechoka, ngoja pensheni". Aisee nilicheka mpaka mzee akacheka.

Hizo washa nizisemee kidogo maana ndo zinaua hizi injini na watu wanabaki kulaumu turbo. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba, kipete kinachoziba moto wa silinda usipande. Kikichoka moto unavuja, unaleta masizi, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami na inaenda kuziba lile chujio la kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi, injini inasaga kavu, na unakuta mtu alikuwa anamwaga oili kwa wakati kabisa. Kwa hiyo nilimuomba mzee tushushe sampu kwa gharama yangu, nikijua atakataa. Akasema "Shusheni kijana, na mimi nataka kuona." Chujio lilikuwa na utando mweusi pembeni ila katikati peupe. Fundi akafungua na kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, mvuke kidogo tu, hakuna moshi wa kupuliza. Asubuhi yake tuliiwasha ya baridi kweli, iligonga kidogo sekunde chache ikatulia. Nozeli namba 3 ndo tulihisi haiko sawa sana.

Mzee alianza 38, tukatua 34 na nusu, mkataba kwa wakili, deni la trafiki tulicheki halikuwepo, umiliki ukahamishwa. Nilichobaki nacho nilikiweka cha matengenezo, kwa sababu nozeli mpya orijino duka nililouliza mimi inakaribia milioni moja na ziko nne, na mtu anayenunua hii gari akabaki na mfuko mtupu bora akae na Spacio yake.

Miezi minane sasa. Shokapu za nyuma nilibadili wiki ya kwanza (pensheni ya mzee haikuwahi), bushi za mbele, betri, na kile kivalvu cha kwenye pampu ya dizeli kilianza kusumbua, saileensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda inashuka kwenye foleni, tukakibadili ikatulia. Jumla kama milioni 2 na laki 3. Barabarani sina la kulalamika, najaza tenki Kibaha, lita 87, nafika Makambako mshale haujagusa robo. Mlima Kitonga inapanda na watu sita na magunia mawili ya viazi juu na mshale wa joto haukucheza. Masika haya niliipitisha kwenye ule mteremko wa kwetu ambao hata boda huwa wanashuka wanasukuma, nilifunga difu ya kati ili tairi za mbele na nyuma zivute pamoja, nikaingia, shemeji wa Njombe sahivi analalamika simtembelei.

Ubaya wake ni kwamba mjini ni mateso. Kuegesha Kariakoo usijaribu, ule mlango wa nyuma ukibanwa na gari ya nyuma hautoi hata mfuko wa nyanya. Inachelewa kuondoka, unakanyaga inawaza kwanza turbo ndo iamke. Kelele ya dizeli ipo, mke wangu anajua nimefika nikiwa bado kona ya duka. Na kama huna fundi anayeijua 1KD tafuta ya petroli 2TR, cc 2700, hiyo ina cheni sio belti na haina haya mambo ya washa, ila kwa uzito wa hii gari mlimani utakuwa unaisihi na mafuta inakunywa. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ile ya kukumbusha kubadili belti, ikiwa imezima isikutulize pia, inazimwa bila hata kugusa belti, dai risiti au stika.

Kwa mimi thamani ya hela ipo, naipa nane kwa kumi, na kati ya hizo nane moja na nusu ni ya kaunta buku. Nimeendelea kuiandika, sasa iko 301 elfu.

Ile namba D ya Kinondoni juzi nimeiona tena mtandaoni, dalali mwingine, rimu zile zile. Dashibodi inasoma 98 elfu.