Uzoefu wangu: skrini ya 4K ya inchi 27 kwenye Windows 11, na dawa ya programu zenye ukungu

Skrini hii naitumia siku nzima pamoja na laptopu ya inchi 14, na naipa nyota nne kati ya tano. Paneli yenyewe haina lawama: rangi zimetulia na herufi zinasomeka bila kukaza macho. Nyota ya tano imeondolewa na programu. Baadhi hufunguka zikiwa na ukungu, nyingine vitufe vyake ni vidogo mno kubofya, na chache hujitanua hadi kitufe cha OK kinaangukia nje ya skrini. Karibu zote zinatibika. Ila ukungu na udogo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja huzidisha lingine.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Pikseli 3840 kwa 2160 zikikaa kwenye inchi 27 unapata takriban pikseli 163 kwa kila inchi. Kwa Windows, ukuzaji (Scale, kwenye Settings, System, Display) wa asilimia 100 maana yake ni pikseli 96 kwa inchi. Kwa hiyo usipokuza chochote, maandishi hubaki karibu asilimia 60 ya ukubwa uliokusudiwa. Ukiweka 150, unapata nafasi ya kazi sawa na ya skrini ya 2560 kwa 1440, lakini kila herufi imechorwa kwa pikseli nyingi zaidi. Hiyo 150 ndiyo ninayoipendekeza kwa inchi 27. Usishushe rezolusheni hadi 1920 kwa 1080 ili vitu viwe vikubwa. Vitakuwa vikubwa kweli, lakini umelipia pikseli milioni nane na unatumia milioni mbili.

Kabla ya kuilaumu programu yoyote, kagua waya. Waya au mlango wa HDMI 1.4 hauvuki Hz 30 (picha 30 kwa sekunde) kwenye 4K, na baadhi ya vifaa hufika 60 kwa kupunguza taarifa za rangi, ambapo maandishi mekundu au ya buluu huchafuka kingo. Nenda Settings, System, Display, Advanced display, ulinganishe mistari miwili: Desktop mode na Active signal mode. Yote iwe 3840 kwa 2160, na Hz 60 au zaidi. Ikitofautiana, shida iko kwenye ishara inayofika kwenye skrini, na hakuna mpangilio wa programu utakaoiondoa. Tumia HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu.

Waya ukiwa sawa, ulize Windows yenyewe programu ni ya aina gani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja ili kufungua Task Manager, ingia Details, bofya kulia kichwa cha safu yoyote, chagua Select columns, kisha weka tiki kwenye DPI awareness (DPI ni idadi ya pikseli kwa inchi). Safu hiyo ndiyo kipimo cha daktari, na inasikitisha kwamba imefichwa hivyo.

Ikiandikwa Unaware, programu haijui kabisa kama kuna ukuzaji. Huchora dirisha lake kwa pikseli 96 kwa inchi, halafu Windows huitanua picha hiyo kama mtu anavyokuza foto. Chukua mstari mweusi wa wima wenye unene wa pikseli moja, kama ule unaotenganisha safu za jedwali. Kwa 150 unatakiwa uwe pikseli moja na nusu, na nusu pikseli haipo, kwa hiyo unakuwa pikseli moja nyeusi na ya pembeni ya kijivu. Zidisha jambo hilo kwa kila mguu wa kila herufi kwenye ukurasa. Huo ndio ukungu unaouona.

Dawa yake: bofya kulia faili la exe (lile linaloiwasha programu), Properties, kichupo cha Compatibility, Change high DPI settings. Chini kabisa weka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior, na kwenye orodha chagua System Enhanced. Funga programu kabisa na uifungue upya. Chaguo hili lilikuja na Windows 10 toleo 1703 mwaka 2017. Badala ya kutanua picha iliyokwisha kuchorwa, Windows hukuza amri za uchoraji zenyewe, na maandishi yanatoka makali. Kwa programu kongwe za hesabu, stoo na usajili, matokeo ni mazuri sana. Aikoni na picha zilizohifadhiwa ndani ya programu zitabaki na ukungu, kwani hizo hazina cha kuchorwa upya. Programu zinazochora kwa DirectX, njia ya uchoraji inayotumiwa sana na michezo, hazifaidiki. Na mara mojamoja maneno hukatwa mwishoni mwa kitufe. Ikiwa hivyo, rudi kwenye System ya kawaida na ukubali ukungu kidogo.

Usikimbilie chaguo la Application, ambalo watu wengi hushauriana kulitumia. Hilo linaiambia Windows isiguse kitu. Ukungu unaondoka, lakini dirisha zima linasinyaa hadi saizi ya asilimia 100, na umebadilisha ugonjwa tu. Linafaa kwa michezo, na kwa programu zenye mpangilio wao wa ndani wa ukubwa wa maandishi.

Ikiandikwa System, programu inajua ukuzaji wa skrini moja tu: ile iliyokuwa skrini kuu ulipoingia kwenye akaunti. Hapa ndipo wenye laptopu na skrini ya nje wanaumia. Umewasha laptopu peke yake ikiwa kwenye 125, ukachomeka skrini ya 150, na ghafla programu iliyokuwa safi ina ukungu. Haijaharibika, inatumia kipimo cha zamani. Kutoka kwenye akaunti na kuingia tena kunaiponya. Lakini ipo njia isiyohitaji kufunga kazi zako: kwenye dirisha lilelile la Change high DPI settings, sehemu ya juu, weka tiki kwenye Program DPI, na chini yake chagua I open this program badala ya I signed in to Windows. Sasa programu itachukua kipimo cha skrini kuu kila inapofunguliwa. Ifanye skrini ya 4K kuwa kuu, fungua programu, na utaiona safi palepale. Kwangu hii ndiyo tiki yenye thamani kuliko zote, na ni nadra kuisikia ikitajwa.

Ikiandikwa Per-Monitor, programu haihitaji kitu, inajirekebisha yenyewe unapoivuta kutoka skrini moja hadi nyingine.

Kuna programu ambazo dirisha la Compatibility haliziwezi vizuri, kwa sababu zimejengwa juu ya mfumo wenye sheria zake. Za Java ni mfano. Java 9 ya mwaka 2017 ndiyo iliyoleta ukuzaji kwenye Windows. Zinazotumia Java 8 hutokea na menyu ndogo mno. Kama programu inakubali Java mpya zaidi, ongeza -Dsun.java2d.uiScale=1.5 kwenye amri ya kuiwasha. Kama imefungwa kwenye Java 8, weka System kwenye javaw.exe, faili linaloendesha programu za Java, ukikumbuka kwamba kila programu inayotumia javaw hiyohiyo itabadilika pamoja nayo.

Zilizojengwa kwa Qt 5, mfumo mwingine wa aina hiyo, zina tabia nyingine: zikiwashiwa ukuzaji wa moja kwa moja, huzungusha namba. 125 inakuwa 100, na kila kitu kinakuwa kidogo. 150 inakuwa 200, na dirisha linafurika. Kuanzia Qt 5.14 unaweza kuzuia hilo. Tengeneza faili la bat (faili la maandishi lenye amri) lenye mistari miwili, ukiweka jina la programu yako:

set QT_SCALE_FACTOR_ROUNDING_POLICY=PassThrough
start "" "programu.exe"

Usiongeze QT_SCALE_FACTOR=1.5 juu ya hapo bila kupima. Namba hiyo huzidishwa na ukuzaji uliopo, na 1.5 mara 1.5 ni 2.25.

Kwa programu za Electron, yaani zilizojengwa kwa teknolojia ya kivinjari, bofya kulia njia ya mkato, Properties, na kwenye Target ongeza --force-device-scale-factor=1.25 mwishoni. Iwe nje ya alama za nukuu, ikitanguliwa na nafasi moja. Ukiiweka ndani, Windows itakataa ikidai njia ya faili si sahihi.

Kuhusu Custom scaling, ile inayokubali namba yoyote kati ya 100 na 500: iache. Inazilazimisha skrini zote kutumia kipimo kimoja, na laptopu ya inchi 14 haina haja ya kipimo cha inchi 27. Ikiwa tatizo lako ni herufi tu, nenda Accessibility, Text size, ambayo hufika 225 bila kugusa upana wa madirisha.

Jambo la mwisho, maana linawarudisha wengi mwanzo. Marekebisho ya Compatibility huhifadhiwa kwa njia kamili ya faili. Programu inayojisasisha kwa kuhamia folda mpya ya toleo huyaacha nyuma, na ukungu unarudi asubuhi moja bila wewe kugusa chochote. Fungua regedit, kihariri cha rejista ya mipangilio ya Windows, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers, bofya kulia Layers, chagua Export. Utapata faili dogo la reg lenye marekebisho yako yote. Programu ikihamia folda mpya, lifungue kwa Notepad, badilisha namba ya toleo kwenye njia, hifadhi, kisha ulibofye mara mbili.